Kaza kwa Vidole: Mhadhara kwa Mafundi wa Muziki wa Mtwara

Wazee wangu, kaka zangu na dada zangu mafundi, pamoja nanyi mliosafiri kutoka Masasi na Newala, sitawachosha kwa kueleza spika ni nini, maana mikono yenu inaijua vizuri. Nimekuja na jambo lile lile ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema: plaizi isiiguse teminali ya spika. Teminali ya kuzungusha, ile yenye nati nyekundu na nyeusi za plastiki, imeundwa ikazwe kwa vidole, na nguvu ya vidole vya mtu mzima inatosha kabisa ikiwa waya umeandaliwa ipasavyo.

Ninalirudia kwa sababu spika zinaendelea kuletwa mezani kwangu zikiwa na kilema hicho hicho. Msimu wa korosho ukifika, fedha zikaingia na harusi zikafuatana, spika hupakiwa na kushushwa kila mara, waya hulegea, na fundi aliyekwisha kulalamikiwa kwamba sauti inakatika huchukua plaizi ili amalize udhia. Nati ikishafika mwisho wake, nguvu inayozidi huuzungusha mhimili mzima wa teminali ndani ya paneli. Nyuma ya paneli, mahali msipopaona, waya uliolehemiwa kwenye mhimili huo nao huzunguka, lehemu hupasuka, au kiungo cha upande mwekundu hugeuka hadi kikagusana na cha upande mweusi. Hapo amplifaya imeshapigwa shoti, na kama haina kinga ya kutosha, transista zake za kutoa sauti huungua usiku huo huo mbele ya wageni. Spika ya mwisho kuletwa kwangu ilikuwa hivyo: koni nzima, koili nzima, kilichoharibika ni teminali peke yake, na aliyeiharibu ni mtu aliyekusudia kuitengeneza. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu ni hasara inayoepukika bila kutumia hata shilingi.

Najua kuna atakayesema, "Mwalimu, nikikaza kwa vidole inalegea." Inalegea, sikatai, lakini tuulize inalegea kwa nini. Wengi wenu hutia lehemu kwenye ncha ya waya kabla ya kuibana, mkiamini kwamba mnaiimarisha. Lehemu ya bati na risasi ni laini. Ikikandamizwa kwa muda mrefu husinyaa polepole hata bila kuyeyuka, na joto la kwenye kiungo huharakisha kusinyaa huko, kwa hiyo nati uliyoikaza sawasawa leo utaikuta imelegea siku za mbele hata kama hakuna aliyeigusa. Tena nyuzi za shaba hukakamaa pale lehemu ilipoishia, na ndipo zinapokatikia waya ukitikisika. Shaba tupu iliyosokotwa haina tabia hiyo. Nyuzi zake hujipanga chini ya nati, zinatulia, nawe unarudi baada ya robo saa kukaza kwa vidole mara moja zaidi. Anayetaka ncha ngumu avishe kikopo kidogo cha shaba na kukibana kwa koleo lililotengenezwa kwa kazi hiyo, asikimbilie lehemu.

Sababu nyingine ni kumenya vibaya. Kisu kinakata nyuzi, na waya uliobaki na nusu ya nyuzi zake unabeba umeme ule ule. Ukimenya kidogo mno, nati inabana plastiki badala ya shaba, nawe mkononi unahisi imekaza. Ukimenya sana, nyuzi zinazochomoza nje zinatafuta njia ya kugusa upande wa pili. Kwa teminali nyingi za aina hii, milimita 10 hadi 12 zinatosha.

Kwa anayeona ninakuza mambo, tupige hesabu. Volti 28 zikiingia kwenye spika ya omu 4, hupita ampea 7, na spika hupata karibu wati 200. Weka kiungo kibovu chenye upinzani wa nusu omu: mkondo unashuka hadi ampea 6.2, spika inabaki na wati 155 hivi, na wati 19 zinageuka joto pale pale kwenye kiungo, mahali padogo kuliko kucha. Ni kweli muziki hupanda na kushuka, haukai kileleni muda wote, lakini besi ya usiku kucha inatosha kuilainisha plastiki ya teminali, na ikishalainika inazidi kulegea, upinzani unaongezeka, na joto nalo linapanda.

Sisi wa Shangani na Mikindani tunaishi na hewa ya chumvi, na shaba iliyo wazi huota kutu ya kijani. Ncha ya namna hiyo usiikwangue. Ikate, umenye upya. Teminali yenyewe isisuguliwe kwa msasa, kwa sababu tabaka la nikeli au dhahabu juu yake ni jembamba sana, na ukiliondoa, metali ya chini itaoza upesi zaidi. Kitambaa na spiriti vinatosha. Wa Newala watasema chumvi haiwafikii. Vumbi linawafikia, na dawa yake ni hiyo hiyo.

Muda unanibana, nitaje mengine kwa haraka. Kibanio cha springi kibonyezwe hadi mwisho kabla ya kuingiza waya, wala usisukume waya kwa nguvu kukifungua. Waya wa alumini uliopakwa shaba ukikwanguliwa huonyesha weupe ndani. Huvunjika upesi na upinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, kwa hiyo ukilazimika kuutumia, chagua mnene zaidi. Amplifaya izimwe kabla hujagusa waya wowote. Na mwenye spika isiyo na alama aitenge na amplifaya, kisha aiguse kwa betri ya volti 1.5 kwa kitambo kidogo tu: koni ikisogea mbele, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Nyaya na teminali ziko mezani. Sogeeni tuanze kumenya.