Mjue Mbwa Wako Akiwa Mzima: Mhadhara kwa Wafugaji na Walinzi, Mombasa

Mabibi na mabwana, wazee wetu, nanyi vijana mnaoshinda na mbwa majumbani mwa watu, hamjambo. Nafurahi kuona walinzi wamekuja pamoja na waajiri wao. Katika nyumba nyingi, iwe Nyali, Bamburi au Likoni, mwenye mbwa ni mmoja na anayemlisha ni mwingine. Anayemlisha ndiye anayeuona mwanzo wa ugonjwa, na mara nyingi haulizwi. Mwenyewe huambiwa mbwa akiwa hawezi tena kusimama.

Mbwa huficha ugonjwa. Akiwa na homa kali bado atatikisa mkia geti likifunguliwa. Ukingoja aonekane mgonjwa umeshachelewa. Dawa ya hilo ni kumpima akiwa mzima, uzijue hali zake, ili zikibadilika ushtuke mapema. Ndilo jambo lililonileta leo.

Tuanze na fizi, maana hazihitaji chombo chochote. Inua mdomo wa juu upande mmoja, juu ya chonge. Fizi za mbwa mzima ni za rangi ya waridi na zina umajimaji. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikikawia, damu haizunguki sawasawa. Fizi zikiwa kavu na za kunata, amepungukiwa na maji. Zikipauka, damu imepungua, na hapa kwetu washukiwa wa kwanza ni kupe na minyoo ya safura. Zikiwa za manjano, ama ini limeathirika ama chembe nyekundu za damu zinavunjika. Zikiwa za buluu, hewa haimtoshi, usingoje hata dakika. Mbwa wengine wana fizi nyeusi kwa maumbile yao. Hao vuta chini kope ya jicho, utazame rangi ya ndani.

Halafu joto la mwili. Pua kavu haikuambii kitu, wala sikio la moto, hasa katika joto letu hili. Nunua themometa ya kidijitali katika duka la dawa, iwe ya mbwa peke yake. Ipake mafuta ya kujipaka, mtu mmoja amshike kichwa, mwingine ainue mkia na kuiingiza polepole kwenye njia ya haja kubwa kiasi cha sentimita 2, mpaka ilie. Mbwa mzima aliyetulia huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Wengi huona 38.5 wakadhani ni homa, wakampa mbwa dawa ya binadamu. Tafadhali, msifanye hivyo. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac huweza kumharibu mbwa ini, figo na tumbo, na kipimo anachokihimili mtu mzima chaweza kumuua mbwa mdogo. Ikipita 39.5 naye amepumzika kivulini, mpigie daktari wa mifugo. Ikifika 40, mpeleke siku hiyo hiyo. Ikishuka chini ya 37.5 ni hatari vilevile.

Pumzi zihesabuni akiwa amelala usingizi. Akiwa macho hutweta kwa joto, na hesabu hiyo haina maana. Tazama kifua kikipanda kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Isizidi 30 kwa dakika. Ikiendelea kuzidi siku mbili tatu, angalia moyo na mapafu.

Sasa homa ya kupe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Pwani ndiyo inayotumaliza. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi porini tu. Hukaa nyumbani, katika nyufa za kuta, chini ya mlango, kwenye kibanda cha mbwa. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zisizopigwa plasta zimejaa matundu, naye hupanda ukutani hutaga humo. Ukimwogesha mbwa bila kuziba nyufa na kunyunyiza dawa kibandani, wiki haipiti wamerudi.

Mkague kila siku: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimminye tumbo, usimmwagie mafuta ya taa. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa kwa kipimo cha ng'ombe, itamdhuru.

Homa yenyewe huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, na dalili zake za mwanzo ni ndogo mno. Chakula anaacha nusu bakuli. Hakimbilii geti tena. Tezi chini ya taya zimevimba. Kisha huonekana kupona, na hapo ndipo watu hudanganyika: vimelea huweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, huku chembe za kugandisha damu zikipungua. Siku moja damu inamtoka puani, au unaona vidoa vyekundu tumboni na kwenye fizi. Kuna aina nyingine ya homa ya kupe inayovunja chembe nyekundu, mkojo ukawa mwekundu au wa kahawia. Mkojo wa namna hiyo haungoji kesho. Daktari huthibitisha kwa kupima damu, na kwa ile aina ya kwanza dawa huenda siku 28. Mkikatiza siku ya saba kwa kuwa mbwa ameanza kula, ugonjwa utarudi.

Maji yapimeni pia. Mbwa wa kilo 20 hunywa yapata lita moja au zaidi kidogo kwa siku, na jua la kaskazi huongeza. Akizidi lita 2 kila siku, shuku figo au kisukari. Akiwa jike asiyefungwa uzazi, aliyemaliza joto la kutaka dume wiki chache nyuma, shuku usaha katika mji wa mimba, hata kama hatokwi na uchafu wowote.

Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akitapika na kuharisha damu, hesabu saa, usihesabu siku. Ni uwezekano mkubwa wa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na upungufu wa maji ndio unaoua kwanza. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akijaribu kutapika pasitoke kitu, huku tumbo linafura, tumbo limejisokota. Mtieni garini hapo hapo.

La mwisho, nawasihi mlishike. Mbwa akitokwa mate asiweze kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika, au mpole amekuwa mkali ghafla, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie, kaa mbali, ita daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa. Akingoja mpaka dalili zimtokee, haponi.

Vipimo vyote nilivyotaja viandikwe kwenye daftari linalotundikwa kibandani: tarehe, joto, pumzi, rangi ya fizi, amekula kiasi gani. Mlinzi wa usiku aandike, wa mchana aandike. Siku ya kwenda kwa daktari mchukue daftari hilo, kadi ya chanjo, na kinyesi kibichi kidogo katika kikopo safi chenye kifuniko.