Usiku Mmoja wa Filipi: Imani, Matendo na Ubatizo

(Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali)

Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, vijana, ahsanteni kwa kuitika. Wakatoliki nawaona, Waanglikana nawaona, ndugu zetu Wapentekoste wamejaa upande huu wote. Na majirani zetu Waislamu mlioketi kule nyuma, karibuni, hapa ni kwenu.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila wamechapwa bakora hadharani, wametupwa chumba cha ndani cha gereza la Filipi, miguu imefungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane nchi ikatetemeka, milango ikafunguka. Mlinzi wa gereza akachomoa upanga ajiue, akidhani wafungwa wametoroka. Paulo akampigia kelele asijidhuru. Mlinzi akaanguka mbele yao akitetemeka, akauliza: "Bwana zangu, yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?"

Jibu lilikuwa fupi. "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Lakini msifunge Biblia hapo, kama wengi wetu tunavyofanya. Someni mbele. Wakamfundisha neno la Bwana. Saa ile ile ya usiku akawaosha mapigo yao, kisha akabatizwa, yeye na watu wake wote. Halafu akawapandisha nyumbani kwake, akawaandalia chakula. Kulikuwa hakujapambazuka, na mtu huyu ameamini, amebatizwa, na mikono iliyowafunga watu kwenye mkatale imewaosha damu. Yohana Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli, alipohubiri habari hii alisema kwamba mlinzi aliwaosha wao mapigo, naye akaoshwa dhambi.

Sisi tumeuchukua usiku ule tukaukata vipande. Huyu ameshika imani, kwake aliyekiri kwa kinywa amemaliza. Yule ameshika maji, anauliza umebatizwa wapi, na nani, kwa namna gani. Mwingine ameshika matendo, anahesabu mifungo na sadaka. Kila mmoja ana aya zake, na anazijua kwa moyo. Mimi nasema kipande kimoja kikitengwa na vingine, kinaweza kuua. Na watu wa Malindi hatuhitaji kuambiwa hilo na wageni.

Nianze na ugomvi wa zamani, wa Paulo na Yakobo. Paulo anasema katika Warumi 3:28 kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 anasema huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Na wote wawili wanamwita shahidi mmoja, Ibrahimu! Tazameni vizuri, kila mmoja anamwita siku gani. Paulo anamchukua Ibrahimu wa Mwanzo 15, alipoahidiwa uzao akaamini, kabla ya kutahiriwa, kabla ya kufanya lolote la kujivunia. Yakobo anamchukua Ibrahimu wa Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, akipanda mlimani na Isaka. Paulo anawajibu watu waliotaka kuwatahiri Mataifa, yaani wasio Wayahudi, ndipo wapokewe. Yakobo anamjibu mtu anayemwambia mwenye njaa "enenda kwa amani, ukashibe," asimpe kitu. Kwa hiyo maswali ni mawili, na Ibrahimu ni yule yule. Mtoto haendi kisimani ili apate kuwa mtoto wa nyumba. Lakini mtoto mzima wa viungo ambaye hajawahi kushika ndoo, wazazi wana haki ya kumuuliza.

Paulo mwenyewe ameyaweka pamoja katika Waefeso 2. Tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Pumzi hiyo hiyo, aya ya 10, anasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema.

Makanisa yaligombana kwa ajili ya hili kwa karne kadhaa. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki, alipopita hapa Malindi akielekea India (kile kikanisa cha Wareno mnakijua), ugomvi ulioanza na Martin Luther, mwanamageuzi wa Ujerumani, mwaka 1517 ulikuwa umekwisha kuipasua Ulaya. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatoa tamko lake mwaka 1547. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni walitia sahihi tamko la pamoja: Mungu hutupokea kwa neema tu, tukiiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yoyote yetu, na Roho tunayempokea hutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Inaniuma kwamba habari hii haijafika mitaani kwetu, bado tunasutana kwa hoja ambazo wakubwa wetu wamekwisha kuzizungumza.

Sasa nije nyumbani. Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wa mhubiri mmoja katika msitu wa Shakahola yalianza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400, na ndani yake watoto wengi. Ililetwa hapa hapa mjini kwetu. Ya mahakama nawaachia mahakama. Lakini walionusurika walisimulia walivyofundishwa: fungeni mpaka mfe, mkamwone Yesu. Hayo ni mafundisho kuhusu wokovu, ndugu zangu, kwa hiyo hatuwezi kuyaachia polisi peke yao. Njaa iligeuzwa bei ya kuingilia mbinguni. Mtu aliyejua moyoni kwamba Kristo amekwisha kulipa, angemwuliza mhubiri: unanidai nini tena? Na mtu aliyemsoma Yakobo angejua kwamba tendo analolitaka Mungu ni kumlisha mtoto mwenye njaa. Waliokwenda msituni walikuwa na imani, msiwadharau. Waliuza walivyokuwa navyo. Walichonyimwa ni mafundisho.

Na msituni si mbali kama tunavyopenda kudhani. Mhubiri anayemwambia mama mjane apande mbegu ya shilingi elfu tano ndipo mwanawe apone, naye anauza neema. Tofauti yao ni kiasi cha bei.

Ubatizo. Suala la watoto wachanga, na la kuzamishwa baharini au kumwagiwa kichwani, sitalimaliza leo, na sidhani ndilo linalotuangamiza. Mnijibu hili tu: katika Matendo 10, nyumbani kwa Kornelio, Roho Mtakatifu aliwashukia watu kabla ya maji. Je, Petro alisema basi, maji hayana haja? Aliagiza wabatizwe. Mungu hafungwi na maji. Lakini aliyeamini hayadharau, kwa sababu humo, asema Warumi 6, tunazikwa pamoja na Kristo. Kijana uliyeniambia utabatizwa ukishaacha pombe kabisa, umeligeuza jambo. Njoo na hali yako. Mlinzi wa Filipi hakusubiri hata asubuhi.

Nina karatasi hapa, imeandikwa kwa mkono. Mwenye swali anasema mama yake alikuwa katika mafundisho ya ubatizo, akafa kabla ya siku yake, na kanisa likakataa kumzika. Ameokoka?

Mwaka 392 mfalme Valentiniano wa Pili wa Roma alikufa akiwa ametaka ubatizo asiupate. Dada zake walilia kwa hofu hiyo hiyo. Ambrosi, askofu wa Milano, aliwafariji mazishini: aliyeomba neema hii kwa haki, ameipata. Mnyang'anyi msalabani hakuguswa na maji, akaambiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Na huko Rabai, wamisionari Krapf na Rebmann walifika mwaka 1846, na wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, kiwete, akiwa kitandani karibu ya kufa. Hakuwahi kujenga kanisa wala kutoa zaka. Alipokea.

Mama yako alikuwa njiani kwenda kwenye maji, na aliyemwita ni Bwana mwenyewe. Sioni katika Maandiko haya sababu ya kumwogopea. Tukimaliza usiondoke, nisubiri pale mlangoni. Kesho nitakwenda nawe kwa mchungaji wako, tumwombe aje kaburini asome.