Duara Bila Gurudumu: Ujuzi wa Wafinyanzi wa Ilesi

ATIENO: Habari yako msikilizaji, uwe Kondele, Luanda au Nakuru. Leo ni ufinyanzi. Shiundu, tuanze na gurudumu, maana ndilo watu hulikodolea macho.

SHIUNDU: Na wana haki. Mfinyanzi analibwaga bonge la udongo katikati ya sahani inayozunguka, analibana kwa viganja mpaka liache kuyumba, kidole gumba kinatoboa katikati, halafu ukuta unapanda kati ya vidole vya mkono wa ndani na wa nje. Kazi ngumu ni kule kulituliza bonge katikati. Likikaa upande hata kidogo, ukuta unakuwa mnene huku na mwembamba kule, na ule mwembamba ndio unaolegea kwanza.

ATIENO: Sasa shika barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, magharibi mwa Kenya, ufike Ilesi. Vyungu vimepangwa kando ya lami, tumbo la mviringo, mdomo umekaa sawa. Gurudumu halikuhusika.

SHIUNDU: Mimi ujuzi huo nauweka juu ya ule wa gurudumu, dada. Mashine ikizunguka, duara linajileta. Yule mama mfinyanzi wa Ilesi, duara liko kwenye jicho lake na kifundo cha mkono. Ama anakizungusha chungu polepole juu ya kitako cha chungu kikuukuu, ama kikiwa kikubwa anakizunguka yeye, ameinama, anarudi kinyumenyume.

ATIENO: Tuingie kwenye udongo wenyewe, maana wengi hudhani ni tope la mtoni tu.

SHIUNDU: Unachimbwa chini ya ule wa juu wenye mizizi. Unakaushwa, unapondwa, unatolewa mawe, kisha unalowekwa. Halafu unachanganywa na mchanga au vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikasagwa. Kipimo kinategemea udongo: kwa kawaida sehemu tatu au nne za udongo kwa moja ya vigae.

ATIENO: Na hapo ndipo gurudumu linaposhindwa. Udongo wa namna hiyo ukizunguka kwa kasi unachuna ngozi ya viganja, na ukuta unararuka. Gurudumu linataka udongo laini. Lakini chungu cha kupikia juu ya mafiga kinahitaji zile chembe kubwa: zinaacha vijia vya mvuke kutoka, na ufa ukianza unagonga chembe unakwama.

SHIUNDU: Na kitako cha mviringo pia. Sahani ya gurudumu inakupa kitako bapa, na ile kona ya kitako na ukuta ndiyo moto huipasua. Chungu cha mviringo hakina kona, kinapanuka kwa pamoja.

ATIENO: Kusuka ukuta sasa.

SHIUNDU: Kitako kinafinyangwa kwanza. Kisha anaviringisha udongo kama kamba nene, unene wa kidole gumba hivi, anauzungushia juu. Tazama kidole chake: hauweki tu, anausukuma chini kwa ndani, na kwa nje anauvuta juu, mpaka mshono upotee. Mshono uliofunikwa juu juu hauonekani leo, ila kwenye moto chungu kinaachana pale pale, kwa mstari ulionyooka.

ATIENO: Halafu anapangusa kwa kipande cha kibuyu au gunzi la mahindi, kutoka ndani akitanua tumbo. Unene unabaki karibu sentimita moja au pungufu, na anaupima kwa vidole peke yake.

SHIUNDU: Methali inasema udongo uwahi ungali maji. Kweli, lakini usiwahi mno! Akiongeza ukuta wa juu kabla wa chini haujashika, tumbo linabonyea. Akichelewa, udongo mpya haushikani na ule uliokauka. Kwa hiyo mfinyanzi mzoefu huwa na vyungu vitatu au vinne kwa pamoja. Hiki kikishika anahamia kile. Ukingo anaufunika kwa majani mabichi au kitambaa chenye maji usimtangulie kukauka.

ATIENO: Nakshi nazo huingia hapo hapo, udongo ukiwa bado unapokea alama. Kamba ya nyasi iliyosokotwa inaviringishwa shingoni kwa kiganja. Zaidi ya urembo, ile mikwaruzo inazuia chungu kuteleza mkononi kikiwa na maji.

SHIUNDU: Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyungu vyake viko katika makumbusho makubwa duniani, hujenga kwa mkono vivyo hivyo. Alijifunza pia Abuja ya zamani, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja, kwa wafinyanzi wa kike. Alifika chuoni Uingereza, gurudumu likiwepo, akachagua mkono.

ATIENO: Kukausha ni kivulini, wiki moja hadi mbili, zaidi wakati wa mvua. Upepo ukipiga upande mmoja, upande ule unasinyaa kwanza, na ufa unaanzia mdomoni.

SHIUNDU: Kisha moto, na hapa ndipo hasara hutokea. Vyungu vinapashwa kwanza, vimezungushiwa moto mdogo. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yakichemka ghafla, kipande kinaruka kwa kishindo. Baada ya hapo vinapangwa juu ya kuni, vinafunikwa kwa nyasi na samadi kavu. Moto wa wazi hufika nyuzi kati ya 600 na 900 hivi. Doa jeusi ubavuni ni pale hewa haikufika, si kasoro.

ATIENO: Kasoro ni chembe ya chokaa kwenye udongo. Imeungua, imetulia, halafu inanyonya unyevu, inavimba, na baada ya wiki chungu kinabanduka kibonge.

SHIUNDU: Ukinunua Ilesi au soko la Kibuye mjini Kisumu, kininginize kwa vidole ukigonge. Kikilia wazi, chukua. Kikitoa sauti butu, kina ufa hata kama huuoni.

ATIENO: Cha kupikia, mara ya kwanza chemshia uji mwepesi humo, wanga uzibe vitundu. Mtungi wa maji, ule Waluo wanaita dapi, usiufanyie hivyo. Unapooza kwa sababu unatoka jasho. Kwa hiyo ule uliopakwa rangi ya mafuta ya kung'aa nje, weka maua. Maji hautayapooza.

SHIUNDU: Na usioshe kwa sabuni, kaka na dada. Udongo unainywa, na utaionja kwenye maji. Brashi ngumu na maji matupu, nje na ndani, jasho litatoka tena.