Chama cha Walimu wa Kusoma Kina Kazi Gani?

Walimu wenzangu, wakubwa wangu shikamooni, na vijana habari zenu. Nimeombwa nizungumze kuhusu vyama vya kitaaluma vya walimu wanaofundisha kusoma na kuandika. Niruhusuni nianze na mtoto mmoja, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Alikuwa na miaka minane. Nilimfundisha tangu anaingia darasa la kwanza, na kila nilipomsimamisha alisoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti juu, kidole kikifuata mstari. Nilikuwa namwonyesha kwa wageni. Siku moja mwalimu wa shule nyingine, tuliyefahamiana kwenye kikao cha chama, aliniomba aje akae nyuma ya darasa langu kwa kipindi kimoja. Kipindi kilipoisha alimwita yule mtoto, akafungua kitabu kilekile, akafunika picha kwa kiganja, kisha akamwonyesha neno moja katikati ya ukurasa. Mtoto alinyamaza. Midomo ikaanza kuchezacheza. Nilipoinama nikasikia anasoma ukurasa kwa kunong'ona kuanzia mstari wa kwanza, na alipolifikia lile neno ndipo akalitaja kwa sauti. Alikuwa amepatia.

Mwenzangu akachukua karatasi, akaandika maneno matatu kwa herufi kubwakubwa: kata, taka, teka. Mtoto akayatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kalamu."

Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimemfundisha kukariri, si kusoma. Yule mwalimu hakuniambia nimekosea, na sikusikia kwamba amelipeleka jambo hilo kwa mtu yeyote. Aliniuliza tu: "Ukimwambia aseme 'kata' bila 'ka', atasema nini?" Sikuwa na jibu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwa nimemuuliza mtoto yeyote swali la namna hiyo, na chuoni hakuna aliyenifundisha kuliuliza.

Sasa turudi kwenye vyama. Wengi wetu tukisikia neno "chama" tunafikiria chama cha wafanyakazi, kile kinachotetea mshahara, likizo na kupandishwa daraja. Hicho ni cha lazima na mimi ni mwanachama. Lakini chama cha kitaaluma kinashughulika na jambo jingine: kinamuuliza mwalimu anafundishaje, amejuaje kwamba mtoto ameelewa, na afanye nini pale ambapo mtoto hakuelewa. Daktari akishindwa na mgonjwa huwaita madaktari wenzake, na hakuna anayemwona kuwa ni dhaifu. Sisi tukishindwa na mtoto tunafunga mlango wa darasa na kusema ni mzito wa kichwa. Naomba tusilisahau hilo, maana wapo watoto waliobebeshwa jina hilo maisha yao yote kwa sababu mwalimu hakuwa na pa kuuliza.

Vyama hivi vina historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1911, mjini Chicago, walimu wa Kiingereza wa Marekani waliunda baraza lao la kitaifa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hasira: vyuo vikuu vilikuwa vikitoa orodha za vitabu vya mtihani wa kujiunga, na orodha hizo zikawa ndizo zinazoamua nini kifundishwe katika shule za sekondari. Walimu wakakataa kuamuliwa na watu wasioingia madarasani mwao. Mwaka 1949 kikaundwa chama kingine kwa kumbukumbu ya Samuel Orton, daktari aliyechunguza watoto wenye akili nzuri kabisa lakini ambao maandishi yaliwakatalia. Alifariki mwaka 1948, na mkewe June ndiye aliyeongoza kazi ya kuikusanya jamii ile. Leo chama hicho kinaitwa International Dyslexia Association, yaani chama cha kimataifa kinachoshughulikia disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika, na mwaka 2010 kilitoa viwango vinavyoeleza mwalimu wa kusoma anatakiwa kujua nini: muundo wa sauti za lugha, namna herufi zinavyobeba sauti hizo, namna ya kumpima mtoto na kumsaidia yule anayebaki nyuma. Nilipovisoma mara ya kwanza nilitamani ningekuwa navyo siku niliyoingia darasani.

Kikubwa kuliko vyote katika fani yetu ni kile kilichozaliwa tarehe 1 Januari 1956 kwa kuunganisha vyama viwili, kikaitwa International Reading Association, yaani Chama cha Kimataifa cha Kusoma. Mwaka 2015 kilibadili jina na kuwa International Literacy Association, yaani chama cha kusoma na kuandika, kwa hoja ambayo naikubali: kusoma hakutengani na kuandika. Uingereza nao walikuwa na chama chao cha kusoma tangu 1963, na mwaka 2003 kikafanya mabadiliko ya jina kama hayo. Afrika, vyama vya nchi mbalimbali vilianza kukutana kwenye mkutano wa pamoja mwaka 1999 kule Pretoria, na baadaye mkutano huo ukafika Kampala, Dar es Salaam na Nairobi.

Nikomee hapo kwenye tarehe, kwa sababu kilichonivuta zaidi katika historia hii ni jinsi walivyobishana.

Rais wa kwanza wa chama kile cha 1956 alikuwa William S. Gray, msomi aliyeheshimika sana, na pia mmoja wa waandishi wa vitabu vya kusomea vya Dick na Jane vilivyotumika shule nyingi mno za Marekani. Vitabu vile vilijengwa juu ya imani kwamba mtoto alione neno zima tena na tena mpaka likae kichwani. Mwaka 1955, miezi michache tu kabla ya chama kuanza, mwandishi Rudolf Flesch alikuwa ametoa kitabu kikali akisema njia hiyo inawaacha watoto bila kujua kusoma, na kwamba wafundishwe sauti za herufi. Kwa hiyo chama kilizaliwa katikati ya ugomvi, na kiongozi wake alikuwa na upande katika ugomvi huo. Baadaye, mwaka 1981, uongozi ukashikwa na Kenneth Goodman, ambaye tangu 1967 alikuwa akifundisha kwamba kusoma ni aina ya kubahatisha: msomaji anatumia maana na muktadha kukisia neno linalokuja.

Mnamkumbuka mtoto wangu aliyesema "kalamu"? Alikuwa ameyafanya yote mawili. Alikariri ukurasa kwa njia ya Gray, na alipokwama akakisia. Mimi sikuwa nimewahi kusikia jina la Gray wala la Goodman, lakini mawazo yao yalikuwa yamenifikia kupitia vitabu na semina, yakakaa kwenye ulimi wa mtoto wa miaka minane.

Mtu anaweza kusema, basi vyama vyenyewe ndivyo vilivyotupotosha, vya nini tena? Nimelifikiria swali hilo sana. Jibu langu ni kwamba chama hichohicho ndicho kilichotunza uwanja ambapo makosa yangeweza kuonekana. Kilianzisha jarida la utafiti mwaka 1965, na miaka miwili baadaye Guy Bond na Robert Dykstra walichapisha humo matokeo ya miradi 27 ya kufundisha kusoma darasa la kwanza. Waliona kwamba hakuna njia moja iliyoshinda nyingine zote kila mahali. Waliona pia kwamba darasa lililoongezewa mafunzo ya sauti kwa mpangilio lilielekea kufanya vizuri kuliko lile lililotegemea kitabu cha kusomea peke yake. Na waliona jambo la tatu, ambalo ndilo linaloniweka macho usiku: njia ileile, kwa walimu tofauti, ilizaa matokeo tofauti kabisa. Wakashauri kwamba kuboresha usomaji kuanze kwa kumwandaa mwalimu.

Mabishano hayakwisha hapo, yaliendelea miongo mitatu. Mwaka 1997 chama kikatoa tamko kwamba kufundisha sauti za herufi ni sehemu muhimu ya kufundisha kusoma. Mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoundwa kwa agizo la Bunge la Marekani likataja mambo matano ambayo leo mwayasikia kila semina: utambuzi wa sauti, uhusiano wa herufi na sauti, kusoma kwa ufasaha, msamiati na ufahamu. Njia ilikuwa ndefu mno, na kuna watoto walioumia njiani. Lakini kama walimu na watafiti wasingekuwa na mahali pa kugombana hadharani kwa ushahidi, kila mmoja angefia na imani yake.

Kuna hatari moja nitaitaja bila kuzunguka. Chama kinahitaji fedha, na wachapishaji wanazo. Wanalipia mahema ya mikutano, mikoba, chakula cha mchana, halafu wanapewa nusu saa jukwaani. Sisemi wachapishaji ni maadui. Bila vitabu hatufundishi. Nasema chama kinachoishi kwa fedha ya muuza vitabu kitapata shida kumwambia mwanachama kwamba kitabu fulani hakifai. Ada ndogo inayolipwa na kila mwalimu ni bora kuliko mfadhili mmoja mkubwa. Na vitabu vya fedha visomwe mbele ya wanachama wote, kila mwaka, kwa sauti.

Jambo jingine ni lugha. Maandiko mengi ya vyama hivi yametokana na watoto wanaosoma Kiingereza, ambako herufi zilezile zinasomwa hivi hapa na vile pale. Kiswahili hakina taabu hiyo. Mtoto akishika silabi zake anaweza kutamka karibu kila neno analoliona, hata asilolijua. Kwetu taabu iko kwingine. Iko kwenye mb, nd, ny, mw, na kwenye kutofautisha ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe". Iko kwenye neno kama "hatukuwasikiliza", ambalo ni sentensi nzima imebanwa mahali pamoja: mtoto anaanza "ha-tu-ku", na akifika "li-za" amesahau alianzia wapi. Na iko kwenye ufahamu, kwa sababu mtoto anayetamka vizuri anamdanganya mwalimu kirahisi. Nimeshuhudia mtoto anasoma aya nzima kwa ufasaha, ukimuuliza nani amefanya nini anakukodolea macho. Mambo haya hatutaletewa majibu yake kutoka nje. Ni sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tutakaoyaandika, tuyapime, tubishane, na kazi hiyo mtu mmoja haiwezi akiwa amejifungia darasani kwake.

Nilipokuwa naanza uanachama nilidhani chama ni mkutano mkuu, cheti na picha ya pamoja. Nimekwenda kwenye mikutano hiyo na nimejifunza, sikatai. Hata hivyo, kilichonibadilisha ni kikao cha watu sita kila baada ya wiki mbili, kwenye darasa tupu baada ya masomo. Kanuni zetu zilikuwa chache. Kila anayekuja aje na mtoto mmoja, yaani karatasi ya mwandiko wake, au orodha ya maneno aliyoyasoma na aliyoyakosea, ikiwa imeandikwa vilevile alivyotamka. Hakuna kusema "wanafunzi wangu wavivu". Na kila mmoja amtembelee mwenzake darasani angalau mara moja kwa muhula, akiwa amekubaliana naye kabla atazame kitu gani.

Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo ngumu. Mkaguzi akija tunavaa vizuri na tunafundisha somo tulilolizoea. Mwenzako akija huwezi kumdanganya, kwa sababu na yeye anafanya hivyohivyo kwake. Mara ya kwanza mikono yangu ilikuwa inatetemeka hadi chaki ikakatika. Mara ya tatu nilisahau kwamba yupo.

Kwa yule mtoto tulianza na masikio. Kabla ya kumwonyesha herufi yoyote, dakika chache kila asubuhi: sema "kata", sasa sema bila "ka". Piga kofi moja kwa kila silabi. Neno gani linaanza kama "taka"? Alikosea kwa wiki nzima, akawa ananitazama usoni kutafuta jibu, kwa sababu ndivyo nilivyomzoeza. Kisha tukaandika silabi kwenye vipande vya boksi, akawa anavigeuzageuza mezani. Ka-ta. Ta-ka. Siku aliyovigeuza mwenyewe, akasoma, akavirudisha, akasoma tena, alicheka peke yake. Hakuniita. Nilimwona tu kutoka ubaoni.

Baada ya hapo kusoma kwake kulipungua kasi. Ule ukurasa aliokuwa akiutiririsha sasa aliusoma kwa kukwamakwama, na mzazi wake alikuja kunilalamikia kwamba mtoto amerudi nyuma. Nilimkalisha, nikamwandikia mtoto maneno ambayo hajawahi kuyaona, naye akayasoma mbele ya mzazi, taratibu, moja baada ya jingine. Ushauri wa kufanya hivyo niliupata kwenye kikao, kwa mwalimu aliyewahi kulalamikiwa vilevile.

Karatasi ile yenye maneno matatu ninayo hapa. Imechakaa, ila inasomeka. Nitaiacha mezani, na yeyote anayetaka ainakili, aende nayo kesho, achague mtoto anayemwamini kuliko wote darasani kwake, amwombe asome. Daftari la majina liko kwa mwenzetu pale mlangoni. Kikao chetu kama kile cha watu sita tutakianza Alhamisi ijayo saa kumi jioni, na kila mmoja aje na majibu ya mtoto huyo mmoja, yameandikwa vilevile alivyotamka.