Sanduku la Posta Halihami

HALIMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Halima, na mwenzangu Kamau leo amekuja na vumbi mpaka kwenye nyusi.

KAMAU: Vumbi la karatasi, dada. Mtu anaweza kupiga chafya kutoka Moi Avenue mpaka Ngara.

HALIMA: Wiki tatu simu hushiki. Ulikuwa unatafuta nini?

KAMAU: Duka, hapa Nairobi. Guka wangu, yaani babu, alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi kabla ya Emergency, ile hali ya hatari ya 1952. Shangazi anasema lilikuwa Victoria Street. Baba anasema la, ni Bazaar. Wamebishana tangu sijazaliwa, na kila Krismasi wanaanza upya.

HALIMA: Kwa vijana wetu: Victoria ndiyo Tom Mboya ya leo, na Bazaar ni Biashara Street.

KAMAU: Na hapo ndipo watu hukwama. Unafungua kitabu cha 1950 ukitafuta Kenyatta Avenue, huioni, unadhani kitabu ni kibovu. Wakati ule ilikuwa Delamere. Kimathi ilikuwa Hardinge, Koinange ilikuwa Sadler, Muindi Mbingu ilikuwa Stewart. Moi Avenue ilikuwa Government Road, na Moi mwenyewe aliingia madarakani 1978, kwa hiyo hata saraka za miaka ya sitini bado zina jina la zamani. Nilijiandikia yote kwenye karatasi moja nikaibandika ndani ya daftari.

HALIMA: Umesema saraka. Hebu eleza, maana wengine wanajua buku la simu tu.

KAMAU: Ni ndugu yake mkubwa. Kitabu cha majina, kazi na anwani, kilichouzwa kwa wafanyabiashara. Gazeti la East African Standard, lililoanzia Mombasa 1902 likahamia Nairobi 1910, lilichapa moja iliyoitwa Red Book. Kuna ya 1912, kuna ya 1922. Sasa sikiliza, usisome majina tu. Soma matangazo! Mwenye duka aliyelipia tangazo anakwambia anauza nini, yuko upande gani wa barabara, mara nyingine hata picha ya jengo. Na ukumbuke habari zilikusanywa kabla ya kuchapwa. Mtu anaweza kuwa amefilisika na jina lake bado linang'aa kitabuni.

HALIMA: Kama zile kadi za kampeni ukutani, uchaguzi umeisha mheshimiwa bado anatabasamu. Haya, guka ulimpata?

KAMAU: Hata kivuli chake. Fundi wa barazani hakuwa mtu wa kuandikwa. Lakini Cucu, bibi yangu, aliacha risiti ya duka ndani ya Biblia. Mende wamekula jina la duka lote, wakaacha kitu kimoja: nambari ya sanduku la posta.

HALIMA: Mende wenye huruma.

KAMAU: Sana! Kwa sababu huku kwetu barua haziletwi mlangoni. Sanduku ndiyo anwani. Duka likihama mtaa, sanduku linabaki lile lile. Shida ni kwamba saraka imepangwa kwa majina, si kwa nambari. Kwa hiyo nikakaa na rula, ukurasa kwa ukurasa, nikishusha safu ya masanduku. Siku ya pili, chini kabisa ya ukurasa, kwenye tangazo la vitambaa: nambari yangu. Victoria Street.

HALIMA: Shangazi ameshinda.

KAMAU: Subiri. Nikachukua toleo la baadaye. Sanduku lile lile, jina lile lile. Bazaar Street.

HALIMA: Duka lilihama!

KAMAU: Na cherehani ikafuata. Shangazi ni mkubwa, anakumbuka la kwanza. Baba anakumbuka la pili.

HALIMA: Mimi nina dukuduku lakini. Mama wa nyanya yangu alikuwa na nyumba Pangani, kile kijiji cha zamani kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya thelathini, watu wakapelekwa Shauri Moyo. Wanawake wengi pale walikuwa wenye nyumba, wanapangisha. Saraka yako inawataja?

KAMAU: Haiwataji.

HALIMA: Basi ni kitabu cha Wazungu na maduka ya Wahindi.

KAMAU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na mimi sitakitetea. Huyo bibi mtafute kwenye Gazeti Rasmi la Serikali.

HALIMA: Lile la "amegazetiwa"?

KAMAU: Lile lile. Limekuwepo tangu 1899, na matoleo mengi yamepigwa picha yako Google Books, unatafuta ukiwa kitandani. Angalia matangazo ya mirathi, mtu akifa na kuacha mali. Ila jaribu tahajia zote. Karani wa Kiingereza aliandika jina alivyolisikia, halafu kompyuta nayo inasoma herufi zilizofifia vibaya. Jina lako lenyewe linaweza kuwa Alima, Haleema, hata Halina.

HALIMA: Na ambaye hataki ya kitandani?

KAMAU: Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kwenye lile jengo la benki ya zamani Moi Avenue. Au maktaba ya McMillan, yenye wale simba wawili wa mawe Banda Street. Imefunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Piga simu kwanza ujue kama wako wazi. Beba penseli, acha kalamu ya wino nyumbani. Kuna ofisi moja, siitaji, ilinizungusha siku nne kutoka dirisha hadi dirisha, kumbe nilikuwa nauliza "directory" na wao wamekiweka kwenye rafu ya vitabu vya biashara. Muulize mkutubi kwa mwaka na kwa mchapishaji.

HALIMA: Baba na shangazi umewaambia?

KAMAU: Jumapili. Nimetoa nakala mbili, kila mmoja na ukurasa wake.

HALIMA: Watabishana nini Krismasi sasa?

KAMAU: Shangazi ameshaanza. Anasema cherehani ilikuwa Singer, Baba anasema haikuwa.