Pakanga na Malaria: Faida Halisi ya Mmea, na Mahali Inapokomea

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu, katika kipindi chetu cha afya na tiba. Mimi ni Zuhura, na niko pamoja na Kaka Mashaka, ambaye kitaaluma ni mfamasia. Leo tunaizungumzia pakanga, hasa ile yenye asili ya Uchina ambayo wataalamu huiita Artemisia annua. Msikilizaji wetu mmoja wa Bukoba ametuandikia kwamba ameipanda uani kwake, na kila anapopata homa huchemsha majani yake. Anauliza kama kinywaji hicho kinaweza kuchukua nafasi ya vidonge vya zahanati. Kaka Mashaka, tuanze na mmea wenyewe.

MASHAKA: Ahsante sana, Dada Zuhura. Ni mmea wa msimu mmoja, unaoweza kurefuka kuliko mtu mzima, wenye majani membamba yaliyochanikachanika. Ukilifikicha jani lake kati ya vidole, unapata harufu kali inayokaribia ile ya kafuri, nayo hudumu mkononi kwa muda. Jani hilo likiwekwa chini ya hadubini, huonekana vifuko vidogo sana vilivyotapakaa juu ya ngozi yake, na humo ndimo mmea unamohifadhi artemisinini, kemikali inayoua vimelea vya malaria. Wakulima wanaouzia viwanda, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kawaida huvuna kabla maua hayajachanua, kwa sababu wakati huo kemikali hiyo huwa nyingi.

ZUHURA: Wapo wanaoamini kwamba hospitali huidharau miti shamba. Historia ya mmea huu inatuambia nini?

MASHAKA: Inatuambia kwamba dawa tunayopewa zahanati ilitoka katika tiba ya asili, na ninapenda jambo hilo lisemwe wazi, kwa kuwa waganga wa kale wanastahili heshima hiyo. Katika karne ya 4, tabibu wa Kichina aliyeitwa Ge Hong aliandika kwamba mgonjwa wa homa za vipindi achukue konzi moja ya mmea huu, auloweke katika maji, aukamue, kisha anywe maji yake yote. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, mwaka 1967, serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, wakati ugonjwa huo ukiwamaliza askari wa Vietnam Kaskazini na klorokwini, dawa ya malaria iliyotumika wakati huo, ikiwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou wa Beijing alikabidhiwa kazi ya kuchambua mapishi ya tiba za jadi. Pakanga ilimsumbua, kwa maana dondoo lake, yaani dawa iliyotolewa katika majani, lilifanya kazi leo na kushindwa kesho. Aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong, akatambua kwamba hayakutaja kuchemsha.

ZUHURA: Yaani huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa.

MASHAKA: Hivyo ndivyo alivyowaza. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mnamo Oktoba 1971 akapata dondoo lililowaua vimelea wote katika panya wa maabara. Mwaka uliofuata, kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake walilinywa wenyewe ili kuhakikisha ni salama. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Binafsi naona ujasiri ule wa kujaribu dawa kwenye miili yao wenyewe unastahili kukumbukwa kama tuzo yenyewe.

ZUHURA: Nami naona hivyo. Sasa turudi Bukoba. Msikilizaji wetu anasema akinywa, homa hushuka. Je, anajidanganya?

MASHAKA: Hajidanganyi hata kidogo, na hapo ndipo penye hatari. Vimelea vya malaria hula himoglobini, ile protini inayoipa damu yetu wekundu, na katika kuimeng'enya huachia madini ya chuma. Artemisinini ikikutana na chuma hicho huvunjika na kuwashambulia vimelea kutoka ndani, kwa kasi kubwa kuliko dawa nyingi nyingine. Ndiyo maana nafuu huja mapema. Lakini artemisinini hutoka mwilini baada ya saa chache tu. Vimelea vilivyosalia huanza kuzaana upya, na mgonjwa huugua tena wakati ameshatangaza kwamba amepona. Zaidi ya hayo, kemikali hii haiyeyuki vizuri majini, na kiasi chake katika majani hutofautiana sana kulingana na mbegu, udongo na wakati wa kuvuna. Mtu anayechota kwa konzi hawezi kujua amekunywa kipimo gani.

ZUHURA: Je, jambo hilo limewahi kupimwa kwa wagonjwa wenyewe, au ni makadirio ya maabara?

MASHAKA: Limepimwa. Jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, ambapo baadhi ya wagonjwa walipewa chai ya majani haya na wengine kwinini. Baada ya siku 7, waliopona kwa chai walikuwa wastani wa asilimia 74, na waliopona kwa kwinini asilimia 91. Siku zilivyosonga, wengi miongoni mwa waliokunywa chai walirudiwa na malaria. Asilimia 74 si haba, na inathibitisha kwamba mmea una nguvu. Ila kwa mtoto wa miaka 2, ambaye malaria inaweza kumpandia kichwani ndani ya siku moja, mimi nisingekubali kubahatisha.

ZUHURA: Na vidonge vimelitatuaje tatizo hilo la dawa kutoka mwilini mapema?

MASHAKA: Kwa kuunganisha dawa mbili. Katika dawa ya mseto iitwayo ALu, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa 2006, artemetha iliyotokana na artemisinini hufyeka vimelea vingi kwa haraka, na lumefantrini, inayokaa mwilini kwa siku kadhaa, huwamalizia waliobaki. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 2 kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Kwa malaria kali ipo sindano ya atesuneti, ambayo nayo imetokana na mmea huu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010, uliohusisha zaidi ya watoto 5,000 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Mtu akiniuliza pakanga imewafaidi nini watu, namtajia watoto hao kwanza.

ZUHURA: Wengine huitumia kwa tumbo na kikohozi, na mwaka 2020 ilisifiwa sana kwa UVIKO-19.

MASHAKA: Kwa UVIKO-19 haikuthibitika. Kwa tumbo na kikohozi ina historia ndefu ya matumizi, ila ushahidi wake haujafikia ule wa malaria. Mjamzito asiinywe kabisa bila ushauri wa daktari.

ZUHURA: Bado kuna suala la usugu, yaani vimelea kuizoea dawa.

MASHAKA: Linamhusu msikilizaji wetu moja kwa moja, kwa kuwa vimelea vyenye mabadiliko ya kijenetiki yanayopunguza kasi ya artemisinini vimeshapatikana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera kwenyewe. Kila dozi pungufu, iwe ya chai au ya vidonge vilivyoachwa siku ya pili, huvipa vimelea hivyo nafasi ya kubaki na kuenea. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani haya kutibu au kuzuia malaria, na hiyo ni mojawapo ya sababu zake.

ZUHURA: Basi tumjibu nini?

MASHAKA: Mmea aendelee kuutunza, hauna kosa. Homa ikimshika, aende zahanati siku hiyohiyo akapime kwa kipimo cha haraka. Akikutwa na malaria, amalize vidonge vyote 24, hata kama siku ya pili ameamka mzima na kwenda shambani.