Thibitisha umri kwa pasipoti bila kuitoa pasipoti

Habari zenu ndugu zangu, karibuni, niko hapa Kampala. Leo tunathibitisha mtandaoni kwamba umetimiza miaka 18 bila kumpa mtu picha ya pasipoti wala ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Uganda. Jambo hili linanikera sana: fotokopi zetu zimezagaa kila mahali, na NIN peke yake, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, zile herufi na tarakimu 14, tayari inasema jinsia yako na mwaka uliozaliwa. Na aliyekuuliza alitaka kujua umri tu!

Andaa simu yenye NFC, yaani inayoweza kusoma chipu kwa kusogezwa karibu, na pasipoti yenye chipu, ile ya Afrika Mashariki ambayo Uganda ilianza kuitoa Desemba 2018. Programu za simu za kazi hii zipo, mfano ZKPassport. Angalia kwanza kama inakubali pasipoti ya nchi yako. Kupakua mnajua, naruka.

Fungua ukurasa wa picha. Kamera isome mistari miwili ya chini, yenye vialama vingi vya mshale. Subirini, taa inang'aa hapa... nainamisha kidogo... haya, imesoma. Mmeona nimeziba kwa kiganja upande wenu? Mistari hiyo usimwonyeshe mtu. Namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha ndizo zinazotengeneza ufunguo wa chipu. Usiipige picha, usiitume WhatsApp, hata kwa ndugu.

Sasa toa kava la simu. Toa kava! Funga pasipoti, ilaze mezani, mimi napenda meza kuliko mkono. Weka simu juu, isogeze polepole mpaka ianze kusoma, kisha tulia. Usiinyanyue kutazama... Ah, meza imetikisika, imekatika. Narudia. Mkono utulie mpaka imalize, tafadhali. Tulia.

Imeingia. Taarifa za kwenye chipu zina saini ya kidijitali ya serikali. Simu inakokotoa uthibitisho kwamba saini ni halali na aliyezaliwa tarehe ile ana miaka 18 au zaidi, lakini tarehe yenyewe haitumwi. Huo ndio uthibitisho wa ziro-noleji, yaani kuthibitisha jambo bila kufichua siri yenyewe, ulioasisiwa na wanasayansi Goldwasser, Micali na Rackoff mwaka 1985. Kila nikiuona unafanya kazi, nafurahi upya.

Skani msimbo wa QR wa tovuti inayotaka kujua umri wako. Hapa soma ombi kabla ya kubonyeza. Wameomba umri? Sawa. Wameongeza jina na uraia? Uliza kwa nini, au kataa. Bonyeza, ngoja simu ipige hesabu... imekubaliwa. Tovuti imepata "ndiyo", basi.

Wakala wa mobile money bado atataka kitambulisho chenyewe. Njia hii ni ya tovuti zilizojiunga nayo. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakataza kukusanya taarifa kupita kiasi, kwa hiyo wewe mwenye tovuti hapa Uganda, niandikie hapo chini. Video ijayo naonyesha upande wako: jinsi ya kuweka ombi la umri peke yake.